Maswali Kumi ya Jumapili Jioni

Leo nataka kuwasimulia mchezo mmoja wa nyumbani kwetu, mchezo usiotaka mpira wala karata. Wataka karatasi, kalamu ya risasi kwa kila mtu, na taa. Kila Jumapili jioni, vyombo vya chakula vikiisha kuoshwa, mtoto wetu wa kwanza huleta maswali kumi. Huyaokota katikati ya juma: moja katika gazeti, moja katika kitabu cha shule, moja katika redio, moja kwa mwalimu wake. Huyaandika pamoja na majibu yake katika daftari, wala hakuna mtu aruhusiwaye kuifungua kabla ya saa yake. Kisha husoma swali moja moja, polepole, mara mbili, nasi twaandika. Mwisho twabadilishana karatasi, kila mtu asahihishe ya jirani yake. Aliyepata alama nyingi hula andazi la kwanza, naye huchagua lile kubwa. Ndiyo zawadi yote.

Zamani tulijaribu kuweka fedha. Kila mtu mzima alitoa franka 500, na mshindi achukue zote. Juma la tatu palitokea ugomvi mkali kati yangu na jirani yangu juu ya jina la mji mmoja, kama limeandikwa kwa herufi moja au mbili, hata mke wangu akazitwaa zile fedha akanunua sabuni. Tangu siku ile twacheza kwa mandazi, na hakuna aliyelia tena.

Wachezaji ni mimi, mama yao, watoto wanne, na nyanya, yaani mama yangu mzazi. Yule wa kwanza hachezi maana ndiye mwenye daftari. Nyanya hakujifunza kuandika. Basi humnong'oneza mdogo wa mwisho jibu lake sikioni, naye humwandikia. Lakini yule mdogo ana akili zake. Mara mbili tumemkamata akiandika jibu lake mwenyewe mahali pa jibu la nyanya, kwa kuwa aliona lake ni jema zaidi. Mara moja alikosea. Mara ya pili, nasikitika kusema, ndivyo ilivyokuwa: lake lilikuwa jema zaidi.

Mtaniuliza: Maswali yenyewe ni ya namna gani? Nitawapa moja lililotuweka mezani hata usiku mwingi. Mtoto wetu alisoma hivi: «Mvua inyeshayo Bukavu, maji yake hufika katika bahari gani?» Wote tuliandika upesi, tukatabasamu. Bahari ya Hindi! Nani asiyejua kwamba toka Bukavu, Bahari ya Hindi i karibu kupita Bahari ya Atlantiki? Wote tukapata sifuri. Tazameni ramani, wasomaji wapenzi, kama tulivyoitazama sisi. Maji ya Bukavu huingia katika Ziwa Kivu na mto Ruzizi. Ruzizi hushuka mpaka Uvira na kuingia katika Ziwa Tanganyika. Na Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilometa 670 hivi, lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, pale Kalemie. Lukuga huenda magharibi mpaka Lualaba, na Lualaba ndiyo Mto Kongo wenyewe. Basi tone la mvua lililoanguka juu ya bati letu lapaswa kupita Kisangani, na Mbandaka, na Kinshasa, na kuvuka ikweta mara mbili, kabla ya kufika Banana na kuonja chumvi.

Mtoto wetu wa tatu, aliye mbishi kuliko wote, alisoma zaidi juma lile akaja na neno lake: maji mengi ya Ziwa Tanganyika hayafiki Lukuga hata kidogo, bali hupandishwa juu na jua na kuwa mawingu. «Basi,» akasema, «tone langu laweza kurudi Bukavu tena.» Tukampa nusu alama.

Lakini lililotustaajabisha kupita yote ni hili. Ukitoka Goma ukaenda Rutshuru, safari ya masaa machache tu, maji yamekwisha kugeuka. Mto Rutshuru huingia katika Ziwa Edward. Toka hapo mto Semliki huyachukua maji mpaka Ziwa Albert. Na toka Ziwa Albert ni Nili, na Sudan Kusini, na Sudan, na Misri, na mwisho wake Bahari ya Mediteranea. Milima ya moto ya Virunga ndiyo inayoyatenga. Wanawake wawili waweza kufua nguo siku moja katika jimbo moja la Kivu ya Kaskazini, na sabuni ya mmoja ikaenda kwa Wamisri, ya mwenzake ikaenda Atlantiki. Mimi nimezaliwa katika nchi hii, nimeoga katika ziwa hili tangu utoto, nami sikuyajua hayo hata siku ile ya maswali kumi.

Swali jingine lilimkasirisha nyanya. «Muhogo ulitoka nchi gani?» Nyanya akamnong'oneza mdogo: «Hapa.» Alipoambiwa kwamba muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa pwani ya Afrika na Wareno katika karne ya 16, aliitazama ile daftari kwa jicho baya. Muhogo? Na sombe je? Hata sombe? Yule wa kwanza, badala ya kunyamaza kwa hekima, akaendelea: mahindi nayo ni ya Amerika, maharage kadhalika, na karanga, na viazi vitamu. Nyanya akaweka mikono mapajani, akasema: «Sasa niambieni, babu zangu walikula nini? Mawe?»

Wasomaji wapenzi, lile lilikuwa swali la kumi na moja, na kwangu ndilo lililokuwa bora kupita yote kumi ya daftari. Hakuna aliyeweza kulijibu mara ile. Juma zima watoto walitafuta. Wakarudi na ulezi na mtama, nafaka zilizopandwa Afrika tangu maelfu ya miaka. Wakarudi na viazi vikuu, na kunde, na mafuta ya mawese. Nyanya aliposikia ulezi aliinua kichwa. Akaanza kusimulia jinsi mama yake alivyousaga juu ya jiwe, na jinsi uji wake ulivyokuwa mweusi kidogo na mzito, na siku zipi walizotengeneza pombe yake. Jioni ile hatukumaliza maswali. Yule mbishi alitaka kuongeza kwamba hata ndizi zilitoka Asia, lakini mama yake alimkanyaga mguu chini ya meza.

Wako watu wanaosema: «Haya ni maneno ya bure. Kujua kilindi cha Ziwa Tanganyika hakutajaza chungu.» Ni kweli, hakutajaza. Kilindi chake ni meta 1,470, na katika ulimwengu mzima ni ziwa la Baikal tu, kule Urusi, lenye meta 1,642, linalolipita. Nami sijapata hata franka moja kwa kujua hilo. Lakini mvuvi wa Uvira niliyemwambia habari hii katika gari alikaa kimya kitambo, kisha akasema: «Kumbe ndiyo maana nyavu zetu hazijafika chini.» Alifurahi kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba asichokijua.

Na kubishana kwa ajili ya maneno kama haya si jambo la watoto peke yao. Mwaka 1951 Bwana Hugh Beaver, mkubwa wa kiwanda cha pombe cha Guinness, alikwenda kuwinda ndege huko Wexford katika Ireland. Akamkosa ndege mmoja, na jioni yeye na wenzake wakabishana: katika Ulaya, ndege gani wa kuwindwa awapitaye wote kwa mbio? Wakafungua vitabu vilivyokuwamo nyumbani mle, wasione jibu. Beaver akafikiri: kila usiku katika nyumba za kunywea za Uingereza na Ireland watu hugombana hivi hivi, wala hakuna kitabu cha kuwaamua. Akawapa kazi ndugu wawili mapacha, Norris na Ross McWhirter, na kitabu chao cha kwanza kikatoka mwaka 1955. Siku hizi hutoka kila mwaka, nacho ni kitabu kinene. Yote kwa sababu ya ndege aliyeruka akaokoka!

Yafaa kuwaonya lakini: si kila jibu lililoandikwa ni jibu la kweli. Marekani palikuwa na mwandishi, jina lake Fred Worth, aliyekusanya maelfu ya habari ndogo ndogo katika kitabu. Akatia uongo mmoja kwa makusudi, kuhusu jina la kwanza la askari mpelelezi wa televisheni aitwaye Columbo, apate kuwatambua watakaomnakili. Na kweli, mchezo wa maswali uitwao Trivial Pursuit, uliobuniwa Canada mwaka 1979, ukatoka na uongo ule ule. Worth akawashtaki mwaka 1984. Mahakama ikamkatalia: habari za ulimwengu hazina mwenyewe, kila mtu aweza kuziokota. Watoto wetu walipendezwa sana na hukumu ile. Mimi nilipendezwa zaidi na ule mtego.

Tena yako majibu ambayo kila mtu huyajua, nayo si kweli. Ukuta mkuu wa China, wasema, huonekana toka mwezini. Nimelisikia neno hili shuleni, nimelisikia katika basi, nimelisema mimi mwenyewe mbele ya watu. Basi Yang Liwei, Mchina wa kwanza kupelekwa angani na nchi yake mwaka 2003, aliizunguka dunia karibu nasi kupita mwezi mara elfu na zaidi, naye aliporudi alisema hakuuona ule ukuta. Kwa sababu hiyo, simu ya mkononi kwetu hukaa katika kikapu cha mama hata karatasi zote zisahihishwe. Baadaye twaweza kuitoa ili kukata shauri. Lakini hata simu hurudia yale yanayosemwa na wengi.

Nyanya hudai kwamba mchezo huu si mgeni hata kidogo, ila umevaa viatu tu. Naye asema haki. Wakati wa utoto wake, jioni, mtu mmoja alisema «Kitendawili!», na wote wakajibu «Tega!». Naye akatega: «Nyumba yangu haina mlango.» Aliyejua husema «Yai», mambo yakaisha. Lakini kama wote wameshindwa, mwenye kutega aliwaambia: «Nipeni mji.» Hapo walipaswa kumpa mji, mji wa kweli, wenye jina. Kama ni mdogo aliukataa. Wakampa mkubwa zaidi. Alipoupokea aliwasimulia jinsi alivyofika katika mji ule, jinsi alivyopokewa, na vyakula alivyokula huku wao wakikaa na njaa. Na baada ya hayo tu ndipo alipowafumbulia. Nyanya asema kwamba utotoni alimpa kaka yake miji mingi hata ikabaki ule waliokaa tu. Wala hakuna aliyeona haya. Kushindwa kulikuwa na desturi yake.

Nataja jambo hili kwa sababu lilinisaidia mimi mwenyewe katika kosa ninalotaka kuwaungamia sasa.

Ilikuwa Jumapili ambayo shemeji yangu na mkewe walikuwa wamekuja kututembelea, na jirani yetu pia alikuwapo. Meza ilijaa. Mtoto wetu akasoma swali la nne: «Nchi gani ya Afrika ni kubwa kupita zote?» Niliandika «Sudan» kabla hajamaliza kusoma mara ya pili. Nililijua jambo hili tangu darasa la tano. Mwalimu wetu alitupigisha kelele kwa majina yale kama wimbo: Sudan ya kwanza, Algeria ya pili, Zaire ya tatu. Karatasi yangu ilikwenda kusahihishwa na binti yangu wa pili, mwenye miaka kumi na miwili. Akaweka alama ya kosa.

Nikamwuliza kwa nini. Yule wa kwanza akafungua daftari akasoma: «Algeria.» Nikasema: «Daftari imekosea.» Binti akasema, kwa sauti ya heshima kabisa: «Baba, Sudan iligawanyika.» Wageni wakacheka kidogo. Si kicheko kibaya. Lakini nilikisikia. Nikamwambia binti yangu: «Nyamaza. Mimi nilijifunza jambo hili wewe ukiwa hujazaliwa.»

Tazameni nilivyosema! Ndiyo yenyewe, ndiyo sababu ya kosa langu, nami niliitoa kama ndiyo haki yangu. Nilijifunza kabla hajazaliwa. Ndiyo maana sikujua. Alinyamaza. Akaifuta ile alama ya kosa kwa kifutio, akaandika alama ya haki, akanirudishia karatasi. Jioni ile nilishinda mchezo, nikala andazi la kwanza.

Usiku, watu walipolala, nikachukua ramani yangu ya zamani niliyoitunza tangu ujana, nikaona Sudan, kubwa kama kumbukumbu yangu. Kisha nikachukua kitabu cha jiografia cha binti yangu. Ndani yake mlikuwa na nchi mbili. Sudan Kusini ilipata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011. Sudan ya zamani ilikuwa na kilometa za mraba 2,500,000 na zaidi. Baada ya kugawanyika ikarudi nyuma, na Algeria ikawa ya kwanza kwa kilometa za mraba 2,381,000. Kongo yetu ni ya pili sasa, kwa 2,345,000. Tofauti kati yetu na Algeria yapata 37,000, yaani kupita Burundi nzima, lakini katika ramani ni kama unene wa kidole. Niliyasoma hayo yote. Nikaifunga ramani, nikalala. Asubuhi sikusema neno.

Wala Jumapili ya pili sikusema. Wala ya tatu. Mtu hufikiri: ni swali moja tu la mchezo, mtoto amekwisha kusahau. Niliona kwamba binti yangu, aliyekuwa akipata alama saba au nane, sasa alipata mbili, tatu. Nikamwambia mama yake kwamba huenda ana homa, au amechoka na masomo.

Mke wangu alikuwa akichambua maharage. Hakuinua macho. Akaniuliza: «Baba wa watoto, Jumapili iliyopita ulimsahihisha wewe. Alipata ngapi?»

Nikasema: «Mbili.»

«Zile nane nyingine alizijua. Nilimsikia jikoni akimwambia mdogo wake majibu moja moja. Lakini katika karatasi hakuyaandika.»

Wasomaji wapenzi, nimepata kuonywa na wakubwa wa kazi, nimepata kukemewa mbele ya watu, lakini sijui neno lililonichoma kama lile. Mtoto aliyajua majibu, akaona ni afadhali kuacha mahali peupe. Na mimi ndiye niliyemfundisha. Kisha nikafikiri juu ya shule: ni watoto wangapi wanaokaa kimya katika benchi, si kwa sababu hawajui, bali kwa sababu siku moja walijua mbele ya mtu mkubwa? Wengine wetu twawaambia wawe wasikivu, wakawa wasikivu, tukashangaa mbona hawasemi.

Neno la kuomba radhi si rahisi katika kinywa cha baba. Sisemi kwamba ni vema liwe gumu. Nasema tu kwamba ni gumu. Juma lile lote nililitafuta. Kumwita chumbani na kumwambia peke yake ilikuwa njia nyepesi, lakini nilimwaibisha mbele ya watu, haikufaa nimrudishie haki yake kwa siri. Basi Jumapili ilipofika, kabla daftari haijafunguliwa, nikasema: «Ngojeni. Swali la nne la majuma matatu yaliyopita halijaisha.»

Wote wakanitazama. Nikamgeukia binti yangu, nikasema: «Nimeshindwa. Ni Algeria. Nilijua usiku ule ule kwamba ni Algeria. Nakupa mji.»

Yeye hakuelewa mara moja. Nyanya ndiye aliyeelewa, akapiga makofi, akasema: «Haya, mjukuu wangu, baba yako ameshindwa, anakupa mji! Usikubali mdogo!»

Nikasema: «Nakupa Kindu.»

Binti akaangalia meza. Nikaona pembe ya kinywa chake inatikisika. Akasema: «Sitaki Kindu.»

«Nakupa Lubumbashi.»

«Sitaki.»

«Kinshasa basi, pamoja na watu wake wote.»

Akafikiri kidogo. Akasema: «Baba, nataka Khartoum.»

Kaka yake akaanguka juu ya meza kwa kicheko. Nami nikampa Khartoum, mji mkuu wa ile Sudan yangu niliyoing'ang'ania kupita kiasi. Akaupokea kama inavyopasa, kwa kufundishwa na nyanya neno kwa neno: alifika Khartoum, akapokewa kwa ngoma, akala nyama ya mbuzi na wali na tende, akanywa chai yenye sukari nyingi mahali ambapo Nili mbili hukutana, ile Nyeupe na ile ya Buluu, huku baba yake akiwa Bukavu akila sombe isiyo na chumvi. Kisha akasema jibu: «Algeria.» Mama yake aliinuka akaenda kutazama mandazi, ambayo hayakuwa na haja ya kutazamwa.

Baada ya hayo tukacheza. Swali la kwanza lilihusu okapi, mnyama wa misitu ya Ituri, ndugu yake twiga, ambaye wataalamu wa Ulaya walimpa jina katika vitabu vyao mwaka 1901 tu, ingawa watu wa msitu walimjua tangu zamani. Hakuna nchi nyingine akaapo porini ila Kongo. Wote tukapata. La pili lilikuwa juu ya mfupa wa Ishango, uliofukuliwa mwaka 1950 na Bwana Jean de Heinzelin pale Semliki inapotoka katika Ziwa Edward: una mikato 168 katika safu tatu, nao una miaka 20,000 hivi, nao uko Brussels. Binti yangu peke yake ndiye aliyeijua hesabu ile ya 168. Alikuwa akiandika tena. Niliiona kalamu yake haikutulia.

Swali la sita lilikuwa hili: «Kongo yapakana na nchi ngapi? Zitaje zote.» Hili nilifurahi, maana nalijua vema. Tisa. Wengi husahau Tanzania kwa kuwa mpaka wake u ndani ya maji. Mimi sikuisahau. Nikaandika kwa mpango, nikianza magharibi na kuzunguka kama mshale wa saa: Kongo ya Brazzaville, Afrika ya Kati, Sudan, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Zambia, Angola. Nikaweka kalamu chini wa kwanza.

Karatasi yangu ilikwenda tena kwa binti yangu. Alihesabu kwa kidole, moja moja, mpaka tisa. Kisha kidole kikarudi juu, kikasimama mahali pamoja. Akanitazama.

Nikasema: «Ziko tisa au haziko tisa?»

«Ziko tisa, Baba.»

«Basi?»

Akaigeuza karatasi nione. Kidole chake kilikuwa juu ya Sudan. Tangu mwaka 2011 Sudan haigusi Kongo mahali popote. Inayotugusa ni Sudan Kusini. Hesabu haikubadilika, jina limebadilika, nami nilikuwa nimekwisha kuisoma habari hiyo yote kwa macho yangu usiku ule, nikaiweka katika swali moja tu.

Akaandika alama ya kosa kubwa, ya wino mwekundu, maana alikuwa ameiazima kalamu ya mwalimu. Nikadai nusu alama kwa sababu ya ile tisa. Kaka yake akakataa. Nyanya akakubali. Tukabishana hata mandazi yakapoa, na binti yangu, aliyepata tisa, akachagua kubwa.